Mashine ya Mkate Inafuata Zamu

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Baba Yassine, mume wangu, amefika kutoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, saa tisa. Matope mpaka masikioni. Nyuma ya pikipiki, sanduku limefungwa kwa kamba za mpira kama mbuzi wa Idi. Nikadhani redio kubwa. Nikadhani, Mungu anisamehe, zawadi yangu.

Mashine ya mkate! Nyeupe, ina dirisha juu na vitufe vinane, na inapiga kelele kama ndege anayekabwa. Ameinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Unatia maji, farini ya ngano, chumvi, sukari, na levire ya kuumulia. Unafunga. Unakaa. Inakanda yenyewe, inaoka yenyewe. Alieleza hivyo mbele yangu na mbele ya Djamila, mke mwenzangu, aliyekuja mbio tangu kwake kule nyuma ya msikiti, viatu mkononi. Miaka minane ameolewa na bado anakimbia kama bibi harusi.

Kisha akatoa ufunguo. Nikasogea karibu. Chumba cha avenyu ya soko, kile chenye mlango wa chuma, amekipanga. Anataka kufungua butiki ya mikate. Nani atakaa ndani? Akajikuna kichwa. Akasema hataki maneno nyumbani: Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, baada ya sala, kila mmoja wetu alete mikate kwa mama mkwe wetu, Bibi Safia. Watu kumi watakula. Ambaye mkate wake utapendwa, ufunguo ni wake.

Mtihani! Mimi! Miaka kumi na tisa nauza farini chini, juu ya gunia, katika soko la Kasongo. Kopo kwa kopo. Mvua ikija nainama juu ya unga na mgongo wangu ndio bati. Safari yake ya kwanza ya Salamabila ilitoka kwenye gunia hilo. Hakuna aliyenipa mtihani siku ile.

Sikulia. Nilidai jambo moja tu: mashine ifuate zamu. Mume analala siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Basi mashine nayo ihame naye, alasiri kwa alasiri. Tukampelekea Bibi Safia shauri hilo, akasema ni haki. Djamila akasema, "Ndiyo, Yaya," kama anavyoitwa dada mkubwa, akainamisha macho. Maskini! Hakuhesabu. Mimi nilikuwa nimeshahesabu kwa vidole chini ya kikwembe. Leo na kesho, kwangu. Ijumaa na Jumamosi, kwake. Jumapili na Jumatatu, kwangu. Jumanne na Jumatano, kwake. Alhamisi na Ijumaa, KWANGU. Siku ya mtihani mashine itakuwa jikoni mwangu, na yeye atakuwa na mikono mitupu.

Usiku huu nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Mashine inataka dakika 220 kwa mkate mmoja. Na inataka umeme wa kweli, si wa kuchajia simu. Nimemwendea Kamaldine, jirani wa ukuta mmoja, mwenye grupe ya umeme na chumba cha kuonyesha mpira. Mchana huonyesha mechi za zamani, mbili mfululizo. Amekubali nivute waya, kwa sharti apewe kipande cha kwanza.

Hesabu yangu: dakika 90 na 90. Mapumziko 15 na 15. Kubishana kati ya mechi na mechi, 10. Jumla 220. Sawasawa kabisa! Nani mwingine mji huu angeliona hilo?

Mechi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mashine ikakanda mpaka meza ikatembea. Ikanyamaza, unga ukaanza kupanda, nikauona dirishani umenona kama shavu la mtoto. Mechi ya pili, kabla ya mapumziko, timu ya Kamaldine ikafungwa goli la tatu. Akazima grupe na kufukuza watu. Mechi ya mwaka jana! Matokeo anayajua! Nikapiga ukuta. Akajibu kwamba leo hawashi hata kama anayeokwa mle ndani ni yeye.

Akawasha baada ya nusu saa, amekunywa chai, amepoa, watu wamerudi. Mashine ikaamka imesahau kila kitu. Ikaanza kukanda upya! Unga ulioumuka, ikaupiga mpaka ukalala. Kisha mechi ikaisha, watu wakaondoka, umeme nao ukaondoka.

Kilichotoka: kitu cheupe, kibichi, kizito. Nimekipima kwenye mizani yangu ya soko, gramu 940. Baba Yassine alikitafuna muda mrefu. Kisha akauliza kama bukari iko, ugali wa jana.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Zamu ya Djamila. Mashine iko kwake tangu jana. Sikwenda kuchungulia, mimi si mtu wa hivyo. Nilimtuma Nabintu.

Nabintu anauza samaki wakavu pembeni ya gunia langu. Alikuja kutoka upande wa Bukavu kumfuata mume kwenye dhahabu. Mume akaenda mbele, yeye akabaki hapa na samaki. Ana macho makali na mdomo usio na mlango. Amerudi na habari tamu: sola ya Djamila inaiendesha mashine dakika ishirini tu. Inakanda, halafu inakufa. Haioki kitu!

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikauliza, sasa anafanyaje? Nabintu akasema anautoa ule unga, anaukata vidonge vidogo, anavipanga katika sufuria juu ya mbabula, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Kama bibi zetu! Mtu anapewa mashine ya umeme, anaigeuza mchi!

Tena, akasema Nabintu, vya kwanza ishirini aliwagawia watoto wa jirani bure. Ishirini! Hasara tupu. Mtu wa namna hiyo apewe butiki, baada ya wiki mbili atakuwa amegawa hata mlango.

Nimeona Nabintu ana makombo kidevuni. Nikamuuliza mikate yenyewe ikoje. Akatazama pembeni. Akasema, "Iko muzuri, Mama Yassine. Lakini miye siko mutu ya mikate."

Alikuwa amekula mitatu. Nilimbana mpaka akasema.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mashine imerudi kwangu alasiri, imefutwa, inang'aa. Anajipendekeza kwa mume hata kwa kitambaa.

Leo nimefanya jambo la akili. Mvua zimekata njia, malori hayaingii. Nimezunguka soko zima na kununua levire yote iliyobaki Kasongo. Pakiti kumi na nne. Ziko chini ya kitanda changu. Sasa tuone unga wa mtu utapandishwa na nini! Na dua?

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Mkate! Mkate wa kweli! Kamaldine ameonyesha mechi mbili bila timu yake, na hakuzima. Dakika 220, mashine ikalia mara tano, nikafungua: mrefu, wa kahawia, mraba kama tofali la misheni. Gramu 900. Nimeubusu. Nimeungua mdomo.

Nikaukata vipande kumi na vinane vya gramu hamsini, nikavipeleka sokoni kupima watu. Hapo mateso yakaanza. Mashine ina kidude cha chuma chini, cha kukandia, kama pangaboi ndogo. Mkate ukitoka, kinaacha tundu katikati ya kitako. Nabintu akakiinua kipande juani, akachungulia upande wa pili. Akalitangazia soko zima kwamba panya ameshaonja. Nikamweleza ni alama ya mashine. Akauliza kwa upole kama mashine nayo inakula.

Hakuna aliyenunua. Nikafikiri upesi. Nikanunua karanga ya kusaga, nikaziba matundu. Nikatangaza mkate wa karanga, wa Ulaya. Vipande sita vikaondoka haraka! Kisha mama mmoja akanunua cha pembeni, kisicho na tundu, kwa hiyo kisicho na karanga. Akaniita mwizi wa karanga. Nikamweleza kwamba karanga ni ya wenye tundu tu. Akasema basi na yeye anataka tundu. Ikabidi nimtobolee kwa kidole.

Hata hivyo hesabu ni nzuri. Grupe ikifanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, nitatoa mikate sita na nusu kwa siku. Mitano ya kuuza, mmoja wa nyumbani. Nusu ya sadaka.

Lakini sitaki Djamila aishike tena mashine kabla ya Ijumaa. Kesho na kesho kutwa ni zamu yake. Basi jioni, wakati wa kula, nikamwambia Baba Yassine nimesikia kwamba huko Wamaza mtu amesogeza mpaka wa shamba lake la mpunga. Hatua thelathini, nikasema. Namba inamshika mtu kuliko maneno. Akaacha kula. Kesho alfajiri anapanda pikipiki. Siku mbili!

Mume hayupo, zamu haipo. Zamu haipo, mashine haina sababu ya kuhama. Itakuwa kwangu Jumanne, Jumatano, halafu Alhamisi na Ijumaa ni zangu mwenyewe. Wakati mwingine najiogopa.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Ameondoka. Mvua imemfuata.

Djamila akaja alasiri kuchukua mashine, na ngata yake kichwani tayari. Nikamwambia mashine inafuata mume. Mume yuko Wamaza. Je, niitume Wamaza? Nilitegemea alie. Akacheka! Akasema, "Basi, Yaya, ipumuzike." Akakaa. Akanisaidia kuchambua majani ya sombe bila kuombwa, akauliza habari za mgongo wangu. Wakati wa kuaga akauliza kama nina levire kidogo, soko zima hakuna. Nikalaumu mvua. Nikalaumu malori. Nikalaumu serikali. Akasema si kitu, kuna donge la unga wa Jumamosi aliloliweka kwenye bakuli. Limechachuka, atalichanganya na unga mpya, litaumua.

Unga uliooza! Nimemwonea huruma dakika nzima.

Sasa, pakiti kumi na tatu zilizobaki ni nyingi, na levire ikikaa kwenye unyevu inakufa. Nikasema nitie tatu badala ya moja, mkate upande mara tatu. Hesabu ya mtoto wa shule. Dakika ya 90 nikaona kifuniko cha mashine kinainuka chenyewe, polepole, kama mtu anayetaka kusalimia. Unga ukatoka. Ukashuka pembeni, ukaingia kwenye waya wa moto. Moshi! Kamaldine akadhani grupe yake inaungua, akaruka ukuta na ndoo ya maji. Nashukuru ana shabaha mbaya. Mashine imepona. Maji yamepitiliza mpaka chumbani, kitanda changu kimelowa, na levire iliyokuwa chini yake sasa ni uji. Nimebakiwa na pakiti mbili za kwenye meza.

Kamaldine amekwenda akimsimulia kila mtu. Kwa kila anayemsimulia, moshi unaongezeka.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Nina hasira mpaka kwenye kalamu. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi, mambo yote mazuri. Kamaldine huchaji simu za watu kuanzia saa mbili mpaka saa sita, dakika 240 bila mpira wowote wa kumkasirisha. Nikatia pakiti moja tu. Mkate ukatoka kama ule wa Jumatatu. Nikaufunika kwa kitambaa cheupe. Kesho nitaoka wa pili, wa moto, nikasema. Miwili pamoja, vipande thelathini na sita. Ufunguo!

Saa nane Baba Yassine akarudi. Mpaka wa Wamaza haujasogea hata unyayo. Mjomba wake alimcheka, akamlaza kwenye mkeka wenye viroboto. Alipanda milima miwili akisukuma pikipiki. Akauliza nani aliniambia. Nikasema watu. Watu gani? Nikasema watu wa Wamaza. Akanitazama. Nikampa chai.

Akainywa. Kisha akachukua mfuko wake, akasimama. Wapi? Kwa Djamila, akasema.

Nikamwambia leo ni Alhamisi! Alhamisi na Ijumaa zangu! Akasema niende nikabishane na mama yake.

Nikaenda, mbio, nikapita sokoni bila kusalimia mtu. Bibi Safia alikuwa anachagua mchele. Hakuinua hata macho. Akasema siku za safari si za mke yeyote. Mume akiondoka, zamu inasimama mlangoni inamngoja. Djamila hajala siku zake mbili. Anazila leo na kesho. Na mashine inafuata zamu. "Ni nani alitaka ifuate zamu?" akauliza. "Si wewe, binti yangu?"

Kila mke wa Kasongo anajua sheria hiyo. Mimi naijua! Miaka minane nimeidai mwenyewe, kila akitoka Salamabila, tena kwa sauti mpaka majirani wasikie. Nilihesabu vidole vyote kumi nikakisahau hicho kimoja. Kama nisingemtuma Wamaza, mashine ingekuwa kwangu sasa hivi. Kosa la nani? La huyo mjomba. Angemweka siku moja zaidi.

Djamila akaja kuichukua. Nikamwomba angoje nje, niipanguse. Nikaingiza mkono ndani nikachomoa kile kidude cha kukandia. Kidogo, kama kidole gumba. Nikakitia kifuani, ndani ya blauzi. Nikamkabidhi mashine kwa mikono miwili, kwa heshima. Akasema, "Aksanti, Yaya. Mungu akuongezee." Akaitwika.

Sola dakika ishirini, levire hakuna, kidude hakuna. Hata mimi sijui atafanya nini na mashine ile kesho, labda aikalie. Mimi nina mkate mmoja, wa leo. Mmoja unatosha.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Watu kumi kwenye parsela ya Bibi Safia, uani kwake. Wazee wanne waliotoka msikitini. Dada wawili wa mume. Fundi wa mlango. Kamaldine, aliyejialika. Nabintu, aliyejialika pia, na Bibi Safia mwenyewe na meno yake matano. Baba Yassine alisimama ukutani na ufunguo, kama kiranja.

Nikafika wa kwanza. Nikafunua kitambaa. Mkate ulikuwa umekauka tangu jana, kisu kikakataa, nikakitia nguvu, kipande cha kwanza kikaruka mpaka kwenye kanzu ya mzee mmoja. Nikakata nyembamba. Kumi na vinane. Kamaldine akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote, kama huu ndio ule ulioungua. Nabintu akawaeleza wazee habari za panya. Bibi Safia akachovya cha kwake kwenye chai, akangoja, akachovya tena, akakitazama, akakiweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Ndipo Djamila akaingia na beseni kichwani.

Harufu ilitangulia. Nasema ukweli kwa sababu kitabu hiki hakisomwi na mtu. Mikate midogo sitini, ya moto bado, imebanana chini ya kitambaa. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Mashine ilikataa kukanda, akasema, kwa hiyo yeye na mama yake waliamka mapema wakakanda kwa mikono, wakaoka kwenye sufuria tatu. Baba Yassine akauliza mashine ina nini. Akasema hajui, labda imechoka. Akanitazama mara moja. Mara moja tu, na hakuna kitu machoni, hata hasira. Sijapenda.

Wakala. Niliwahesabu. Kila mtu mikate minne, Kamaldine mitano. Arobaini na mmoja! Wangu: vipande vilivyoliwa, vitano. Vilivyoumwa na kurudishwa, viwili. Vilivyobaki kama nilivyovikata, kumi na kimoja.

Nikasimama. Nikasema mtihani huu ni batili. Tulipewa mashine, mwenzangu ametumia mikono. Ametumia mama! Mashine ndiyo iliyokuwa ipimwe. Baba Yassine akajibu kwamba alisema mkate, hakusema mashine. Mzee mmoja akaniunga mkono kidogo, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa, na ulijaa mkate wa Djamila.

Ufunguo umekwenda. Bibi Safia ndiye aliyeutia mkononi mwa Djamila. Nikageuza uso, nikatazama mlima wa mbali.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba

Nimedai fidia. Nimemwambia Baba Yassine kama butiki ni ya mwenzangu, mashine iwe yangu peke yangu, bila zamu. Nilijitayarisha kwa vita vya wiki nzima. Akakubali kabla sijamaliza sentensi! Djamila akaileta mwenyewe, na sanduku lake, na karatasi yake ya maelezo.

Wameiachia haraka mno. Hapo kuna jambo.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Djamila amekuja tena. Bila beseni, bila mume. Nikamweka kwenye kiti kibovu. Akakaa chini, kwenye mkeka, jambo lililoniudhi zaidi.

Akasema ana ombi. Akasema yeye mkate anaujua, hesabu haijui. Mtu akinunua saba na kumpa noti kubwa, kichwa kinazunguka. Soko zima litamla mpaka mifupa. Akasema fundi ameshapiga rafu ya mbao upande wa kushoto, pana, juu, pakavu, kwa ajili ya magunia yangu ya farini. Mimi nikae kwenye meza ya mbele nipokee pesa na kuuza unga wangu, yeye akae nyuma na moto wake. "Miaka kumi na kenda unakaa chini, Yaya," akasema. "Mvua nayo inakuyua kwa jina. Ukuye ndani."

Kisha akatoa ufunguo wa pili. Amechongesha. Mpya, unang'aa. Akauweka kwenye mkeka kati yetu.

Mambo mengi yalinijia, mengine sikuyafahamu. Nikaenda jikoni kama mtu anayetafuta chumvi. Nikasimama mbele ya ukuta. Nikafikiri kwa utulivu, kwa hesabu, kama ninavyofanya siku zote. Na nikaona!

Kwanza: anayetoa kitu bure anataka kitu. Pili: mwenye meza ya mbele ndiye anayetukanwa chenji ikipungua. Tatu: anataka watu wapite waseme, tazama, mke mkubwa ni karani wa mke mdogo. Mtego! Tena umepambwa vizuri. Nilikaribia kuingia. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza.

Nikarudi nikamsukumia ufunguo wake kwa kidole kimoja. Nikamwambia mimi sijawahi kufungiwa mlango, mimi ni mtu wa hewa. Akauokota. Akasema, "Rafu itabaki wazi, Yaya." Akaenda. Akatembea polepole, na viatu miguuni.

Aje tena kunidanganya! Nilimshinda mara tatu katika mazungumzo.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Butiki imefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Nimehamisha gunia langu. Mahali pangu pa zamani palikuwa mbali, mtu haoni kitu. Sasa niko upande wa pili wa avenyu, uso kwa uso na mlango wake, hatua kumi na nne. Nabintu amekataa kuhama nami. Anasema huku hakuna kivuli, hakuna mteja, na mfereji unapita. Hana jicho la biashara.

Nimehesabu wote walioingia. Mpaka saa nne, watu 61. Wengi waliniruka. Wawili wakanikanyagia kopo. Mzee wa Ijumaa, yule wa mdomo uliojaa, amenisalimia mara mbili, akienda na akirudi. Mikate iliyotoka: 138, kama macho yangu hayakupotea pale lori lilipokatiza. Amekosea chenji mara nne nilizoziona kutoka hapa nilipo. Nne! Nilitaka kupiga kelele. Nilijiuma ulimi, damu ikatoka.

Mimi nimeuza makopo matatu.

Saa tano mvua ikaja, kubwa, ya upande wa Lualaba. Avenyu nzima ikakimbilia ndani ya ile butiki, wakacheka, wakanunua tena kwa sababu walikuwa wamesimama mle. Djamila akatoka mpaka kizingitini, mkono juu ya macho. Akaita, "Yaya! Kuya! Ingia!" Watu wote wakageuka kunitazama. Akaita mara ya pili, akaita mara ya tatu. Aliuacha mlango wazi muda wote wa mvua, na nusu ya maji ikaingia kwake.

Sikusogea. Makopo kumi na saba ya farini yamekuwa matope, na homa inaanza mgongoni. Nimeshaandika jina la mwenye kosa: Djamila. Angeufunga ule mlango, ningeondoka mapema.